Naomba ushauri: laini ya bei nafuu Marekani isiyo na mkataba, nichukue ipi?

mbeba_boksi_mpya:
Habari za muda huu wakuu. Niko Marekani, Texas, upande wa Dallas, mgeni sio sana ila mwenyeji pia bado, nabeba boksi usiku kwenye ghala moja. Nataka laini yangu mwenyewe ya kulipia kabla, isiyo na mkataba, maana wale wa mkataba wanataka namba ya Social Security halafu wanachungulia kama ulishawahi kukopa ukalipa, na mimi hapo bado sina jina. Bajeti isizidi dola 25 kwa mwezi. Matumizi yangu ni WhatsApp na nyumbani, ramani, mziki nikiwa kazini na YouTube kidogo wakati wa mapumziko. Nimeona majina mengi Mint, Tello, Visible, Cricket, Metro mpaka kichwa kinauma. Simu ninayo, iPhone 14, na namba ninayo nataka nibaki nayo kwa sababu benki na kazini wote wanaijua. Aliyetumia aniambie ipi ni ipi, nina haraka kidogo, ikiwezekana kabla ya wikiendi. Natanguliza shukrani.

kibatari:
Yaani mtu yuko kwa Obama analia na vocha. Sisi huku tunajiunga bando la siku, likiisha tunaomba hotspoti kwa jirani, maisha yanasonga.

Mzee wa Houston:
Dogo karibu. Kitu cha kwanza usichanganywe na majina. Mitandao mikubwa yenye minara yake huku ni mitatu, AT&T, Verizon na T-Mobile, hao wengine wote wamepanga chumba kwa hao watatu au ni watoto wao kabisa. Cricket ni ya AT&T tangu 2014. Visible ni ya Verizon. Metro ni T-Mobile, Mint nayo T-Mobile walishainunua 2024, Tello anapita humohumo kwenye minara ya T-Mobile. Kwa hiyo swali sio Mint au Tello, swali ni mtandao upi kati ya hiyo mitatu unashika chumbani kwako na ndani ya hilo ghala, maana maghala mengi ni mabati matupu simu inakufa ukivuka mlango. Waulize unaofanya nao kazi wanatumia nini.

Halafu ujue hizi laini za bei chee, mnara ukijaa watu wale wa mkataba ndio wanapewa intaneti kwanza, wewe unasubiri. Usiku ghalani sidhani kama itakusumbua, nenda uwanja wa mpira ndio utaniambia.

Na bei zao zisome mpaka chini. Mint ile dola 15 wanayotangaza ni ya miezi 3 ya mwanzo, unatoa 45 kwa mkupuo, ikiisha ukitaka ibaki 15 unalipa mwaka mzima, 180, na kodi inakaa juu yake. Visible ya chini ni 25 na kodi imo humohumo. Tello unajipangia mwenyewe dakika na GB, kwa mtu anayeshinda kwenye wayafai ya nyumbani inatoka rahisi kuliko zote.

Mama Minnesota:
Mzee wa Houston umeongea vizuri. Mi niongezee, usije ukamwambia mtu wa nyumbani akuletee simu. Mdogo wangu alikuja na Tecno yake mpya kabisa, kaifunga na kava na kioo, kufika huku tukaweka laini haipigi. Tukazunguka na jua lote. Kumbe 3G walizima 2022 mitandao yote mitatu, sasa hivi kupiga kunapita kwenye 4G, na AT&T wana orodha yao ya simu wanazozikubali, kama yako haimo ndio basi. Tecno za Bongo hata masafa yake mengi sio ya huku. Alilia yule mtoto, sio kwa simu, kwa hela aliyotoa. Tukaishia kununua Samsung ya bei ndogo dukani, na ile Tecno mwanangu anachezea gemu.

Mtumishi wa Kweli:
Kijana, YouTube ya nini kazini? Umeenda kutafuta au kuangalia video? Chukua laini ya bei ya chini kabisa isiyo na intaneti, tumia wayafai ya nyumbani, kinachobaki tuma kwa wazazi. Vijana wengi wanapotelea huko ughaibuni kwa sababu ya simu.

kibatari:
Mtumishi na wewe sasa hivi unaandika kwa barua ya posta?

fundi wa Kariakoo:
Mtoa mada kuna kitu umeruka. Hiyo iPhone 14 umeinunua wapi na imelipiwa yote? Kama ni ya Marekani haina hata tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo ya plastiki, hilo sio tatizo. Tatizo ni loki, yaani simu kufungwa kwa mtandao mmoja. Nenda Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock, ikiandika No SIM restrictions uko huru, ikiandika vingine hizi ushauri zote za Tello na Visible ni kelele. Na hiyo namba iko kwa jina la nani?

mbeba_boksi_mpya:
Mkuu nashukuru ila hayo ya simu hayahusiani sana, nimeuliza kifurushi. Simu natumia mimi na namba natumia mimi.

fundi wa Kariakoo:
Kutumia na kumiliki ni vitu viwili tofauti kaka. Jibu swali.

Mzee wa Houston:
Dogo jibu, usifanye tukakupoteza.

mbeba_boksi_mpya:
Sawa wakuu, sikutaka kufika huko kwa sababu ni mambo ya familia. Simu na laini viko kwenye plani ya familia ya kaka yangu. Ilikuwa ya shemeji, alivyochukua mpya wakanipa mimi hiyo, bado inakatwa kwenye bili ya kaka ule mkopo wao wa miezi 36, na mimi kila mwezi nawapa hela taslimu, sijawahi kuchelewesha hata mara moja. Shida ni shemeji. Bili anaisoma yeye, na kwenye bili zinaonekana namba zote nilizopiga na saa. Tunakula, anauliza mezani mbele ya watoto, hii namba ya Georgia unaongea nayo dakika 50 saa saba usiku ni nani. Mtu mzima mimi. Nimeshahama, nimepata chumba na jamaa mmoja wa Kongo, sasa nataka na namba nihame nayo. Kaka sijamwambia na sioni kwa nini nimwambie, namba ni yangu, watu wananipigia mimi.

Mama Minnesota:
Huyo wa Georgia ni nani kwanza 😂

Mzee wa Houston:
Ndio maana uliruka. Sikiliza sasa. Namba kwa macho ya kampuni ni ya mwenye akaunti, yaani kaka yako. Kuihamisha wanataka namba ya akaunti na PIN maalum ya kuhamishia, anayeitoa ni mwenye akaunti, na ikianza kuhama yeye anapata meseji. Kwa siri haiwezekani. Akikubali kazi ni ndogo, mara nyingi siku moja ya kazi imeisha, ila asikate laini ya zamani kabla namba haijafika upande wa pili, akikata imepotea.

Simu nayo, namba ikitoka pale lile deni lililobaki huwa wanalidai lote kwa mkupuo, na bili inamwangukia kaka. Asipolipa wanaifungia IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, nchi nzima. Na mpaka ilipiwe yote hawaifungui kwenda mtandao mwingine.

Halafu WhatsApp haitokei kwenye bili. Ungempigia huko huyo Georgia tusingefika hapa.

mbeba_boksi_mpya:
Yeye hapendi WhatsApp. Ila mzee mi naona kuna namna, kuna jamaa kazini anasema eSIM unaweka tu inashika yenyewe. Na pia siwezi kurudi nyuma kwa sababu nimeshalipia. Nilichukua ile ya Mint ya mwaka mzima juzi, eSIM wameshanitumia kwenye barua pepe, sijaiwasha tu. Bei ilikuwa nzuri na wakati huo nilikuwa na hela, hela ya mkononi ikikaa inaliwa, bora iingie kwenye kitu.

kibatari:
Hahahahaha kwa hiyo ushauri uliokuwa unaomba ni wa nini, tukupigie makofi?

fundi wa Kariakoo:
Anasema "nichukue ipi" huku ameshachukua. Mint wana ahadi ya kurudisha hela ndani ya siku chache, soma masharti yake leo leo kabla hujaiwasha. Na huyo jamaa wa kazini mwambie loki haijali kama laini ni ya plastiki au eSIM.

Mtumishi wa Kweli:
Kaka aliyekupokea uwanja wa ndege, akakupa pa kulala na simu, leo unamkimbia na namba usiku. Nenda kakae naye mezani muongee.

Mama Minnesota:
Mtumishi mezani ndio kwenye tatizo. Mdogo wangu kama hela ni ngumu, kuna ile Lifeline ya serikali, punguzo la dola 9.25 kwa mwezi kwa wenye kipato kidogo, ndio yale mahema unaona wanagawa simu nje ya maduka. Ile nyingine kubwa ya intaneti iliisha 2024 hela zilipokata, kwa hiyo mtu akikuahidi hiyo anakudanganya. Mi jirani yangu alisaini kwenye hema bila kusoma, wakamhamisha hadi laini aliyokuwa nayo, akakaa bila simu na mtoto yuko shule.

jicho_pembeni:
Samahani nawakatisha. Mnachangamka kweli ila hamjanusa kitu? Hii ni chai, tena ya maziwa. Huyuhuyu mbeba_boksi_mpya mwezi wa pili alifungua uzi anauza bajaji, anasema iko Morogoro, Msamvu, "njoo uikague nipo". Yupo wapi, Msamvu au Dallas? Halafu mgeni asiye na jina la mkopo ila ana simu ya mkopo wa miezi 36. Na shemeji anayesoma bili mezani mbele ya watoto, hiyo ni tamthilia.

kibatari:
Duh. Leta vikombe.

Mama Minnesota:
Mi nilishangaa pia mtu wa ghala la usiku anaongea na simu saa saba usiku. Si yuko kazini?

fundi wa Kariakoo:
Tupia picha ya hiyo About tuone, funika IMEI.

mbeba_boksi_mpya:
Mnanivunjia heshima. Saa saba usiku ni mapumziko, zamu inaanza jioni. Mkopo ni wa kaka nimeshasema, someni. Na bajaji ni yangu kweli, nilinunua kabla sijaondoka anaiendesha binamu yangu, "nipo" aliandika yeye, nilimpa akaunti atafute mteja kwa sababu hesabu haileti, kila wiki ni kampira, kila wiki ni trafiki. Picha hii hapa. Haya imeandika SIM locked, mmefurahi?

jicho_pembeni:
Picha ipo, sawa. Nusu kikombe nimerudisha.

Mzee wa Houston:
Basi imekwisha hiyo. Mrudishie kaka simu yake na shukrani, nunua iliyotumika isiyo na loki, hakikisha ni ya soko la Marekani, hiyo eSIM yako uiweke huko na namba mpya. Namba ya zamani ndio uiombe kwake, kwa adabu, na umwambie mwenyewe kabla meseji haijamfikia.

mbeba_boksi_mpya:
Simu nyingine naweza, Samsung. Namba mpya sitaki. Ntamwambia kaka, ila sio wiki hii, wiki hii shemeji ana siku yake ya kuzaliwa.

Mama Minnesota:
Na wa Georgia?

dereva_wa_Kihonda:
Wakuu mimi nipo Morogoro. Hiyo bajaji bado ipo? Ya mwaka gani, na kadi iko kwa jina la nani? Njoo PM.

mbeba_boksi_mpya:
Ipo. Kadi iko kwa jina la kaka.

kibatari:
😂😂😂😂