Mashine nimeizima, bili inatembea! Hawa watu wa wingu wanatuonaje?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha ikiteleza mtanisamehe.

Miezi michache iliyopita niliwasha mashine pepe nne (kompyuta za kuigizwa ndani ya seva ya mtu) kwenye kampuni moja ya wingu, hizi zinazokukodishia kompyuta zao kupitia mtandao. Jina lake silisemi, maana nimeulizia kwa wenzangu wanaotumia nyingine na vilio vinafanana. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne tu: kupima mfumo wa mteja kama unahimili watumiaji wakijazana kwa mpigo. Siku ya tano nikaingia ndani ya kila mashine, nikaandika amri ya kuzima, nikaona muunganisho umekatika, nikafunga kompyuta nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Bili ilipokuja nikadhani wamekosea, wamenitumia ya kampuni ya watu.

Kumbe kuzima ukiwa ndani ya mfumo endeshi, kwao si kuzima! Mashine imelala, lakini prosesa na RAM bado zimetengwa kwa ajili yako kwenye seva yao halisi, kwa hiyo saa zinahesabiwa kama kawaida. Ili waziachie inabidi uende kwenye dashibodi yao (ukurasa wa wavuti wa kusimamia ulichokodi), utafute mashine ileile, uisimamishe tena kutoka huko. Yaani kuna hali mbili za "imesimama": moja unalipia, nyingine hulipii. Kwenye orodha zinatofautiana kwa neno moja dogo pembeni, na zote zina alama ya rangi moja. Mtu aliyebuni ukurasa ule hakusahau. Nakataa kabisa kwamba alisahau.

Nikaambiwa basi futa. Nikafuta tatu, moja nikaiacha kwa sababu ina data ya mteja. Mwezi uliofuata bili ikaja tena, ndogo, ila ipo. Naangalia: diski. Mashine inafutwa, diski inabaki, isipokuwa kama siku ya kuiunda uliweka tiki kwenye kisanduku fulani kilichofichwa ndani ya "mipangilio ya ziada". Nani anafungua mipangilio ya ziada siku ya kwanza? Diski zangu tatu za GB 500 zilikuwa zimekaa pale, hazijashikamana na mashine yoyote, zinalipiwa kwa ukubwa nilioomba wala si kwa nilichojaza. Ndani yake hakukuwa na hata GB 20. Na anwani za IP za kudumu nazo zimebaki, zinadai. Nakala za diski zilizokuwa zinajichukua zenyewe kila usiku, nazo zipo. Unamfukuza mpangaji, vyombo vyake vinaendelea kukudai wewe kodi.

Huduma kwa wateja wakajibu baada ya siku mbili: "Jambo hili limeelezwa kwenye nyaraka zetu." Ni kweli limeelezwa, nimelikuta. Ukurasa wa kuwasha mashine ni mmoja na kitufe chake kikubwa kama mlango. Ukurasa wa kuelewa namna ya kuacha kulipa ni safari ya viungo sita.

Lakini hilo la bili nimelimeza. Lililoniuma zaidi ni la prosesa, kwa sababu lilinigombanisha na mtu.

Nilichukua zile mashine za bei nafuu, zimeandikwa "vCPU 2", yaani prosesa pepe mbili. Kwanza jueni kwamba vCPU moja mara nyingi ni uzi mmoja wa kiini cha prosesa (uzi wa kompyuta, yaani mkondo mmoja wa kazi, si huu wa kulalamikia), kwa hiyo mbili zako huenda ni kiini kimoja tu. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba hizi za bei nafuu zinaendeshwa kwa krediti. Niliyochukua ina haki ya asilimia 20 tu ya kila prosesa. Ukiitumia chini ya hapo inajiwekea akiba, ukizidisha inakula akiba. Krediti moja ni prosesa moja ikifanya kazi kwa asilimia 100 kwa dakika moja. Sasa pigeni hesabu: inaingiza krediti 24 kwa saa, ukiikamua kikamilifu inakula 120. Mimi niliiwasha jioni, ikakaa bure kwa muda wa kama saa nane, usiku kucha, asubuhi ina krediti zinazokaribia 192. Nikaanza majaribio. Kwa muda wa karibu saa mbili mambo safi kabisa, mfumo unaruka, nikamwandikia mteja ripoti ya kujisifu. Mchana akaanza kujaribu yeye. Akiba imekwisha, mashine imerudishwa kwenye asilimia 20 yake, kila ukurasa unafunguka kwa kusuasua.

Nikamrukia kijana aliyeandika msimbo. Siku mbili nzima namwambia maswali yake ya hifadhidata ni mabovu, naye anaapa hajagusa kitu. Tulikuja kuona baada ya kufungua amri ya top (inayoonyesha prosesa inavyotumika) na kuangalia ile safu ya "st", muda ambao mashine yako inataka prosesa lakini inanyimwa na mwenye nyumba, yaani seva yao. Ilikuwa juu ya asilimia 70. Nimemwomba radhi kijana wa watu, lakini mnajua radhi ya namna hiyo inavyokaa.

Najua wajuaji mko njiani. "Ungetumia Terraform", ile programu ya kuunda na kubomoa mitambo ya wingu kwa kufuata faili. Ndiyo, sasa natumia. Kila mashine, diski, mtandao na IP viko kwenye faili, nikimaliza naamuru vibomolewe vyote na vinaondoka pamoja. Programu zote nimeshazipanga kwenye imeji moja (nakala kamili ya diski ya kuanzishia mashine) niliyoiandaa mwenyewe, na cloud-init, programu ya mipangilio ya mwanzo, inamalizia mambo madogo mashine inapoamka, kwa hiyo mashine mpya iko tayari kwa dakika chache badala ya ule mchana mzima wa kubonyeza. Ila Terraform inabomoa inachokijua tu. Ulichokiunda kwa mkono kwenye dashibodi usiku wa manane ukiwa na haraka, haikijui, na hicho ndicho kitakachokudai.

"Ungeweka kikomo cha bajeti." Hapa ndipo nacheka kwa uchungu. Niliweka! Ile si breki, ni kengele. Inatuma barua pepe kwamba umevuka, mashine zinaendelea kula. Na takwimu zenyewe za matumizi huchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo kengele inalia mwizi akiwa ameshafika kwake. Wanaweza kuhesabu matumizi yangu kwa sekunde wakati wa kunitoza, ila kunizimia nikifika kiwango nilichokitaja mwenyewe, hapo teknolojia inawashinda.

Sijagusa hata habari ya mlango namba 22, wa kuingilia kwenye seva ukiwa mbali, kuachwa wazi kwa dunia nzima ukikubali tu mipangilio waliyokuwekea. Nilikuta kumbukumbu za seva zimejaa majaribio ya kubahatisha nywila kabla sijamaliza kusakinisha kitu. Funguo za SSH, faili za siri za kuingilia badala ya nywila, ndizo zilizoniokoa.

Nimeshawaandikia mara tatu waniondolee angalau zile siku mashine zilipokuwa zimezimwa kutoka ndani. Kumbukumbu zao wenyewe zinaonyesha matumizi ya prosesa sifuri kwa siku zote hizo, na picha za skrini nimewatumia. Jibu la tatu ni lilelile la kwanza, wamebadilisha jina la aliyelisaini tu. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa kwa kesi kama hii, naomba aniambie aliwaandikia nini, na aliipandisha kwa nani baada ya dawati la kwanza.