Sonara kachukua rupia za Mjerumani za bibi yangu kwa bei ya "robo fedha"!

Wakuu, mnivumilie, naandika mikono inatetemeka.

Bibi mzaa mama alipofariki tulikuta kopo la sarafu chini ya kitanda: rupia 24 za Mjerumani, zile zenye Kaiser na kofia ya tai, na shilingi 14 za Mwingereza zenye simba. Rupia moja akabaki nayo dada; 23 na hizo shilingi nikazipeleka kwa sonara mmoja mjini, simtaji. Akapitisha sumaku, haikunasa. Akaisugua moja kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa huku amenipa mgongo, kisha akageuka: "Mwanangu, sarafu za zamani zote ni robo fedha." Yaani robo tu ya uzito ndiyo madini ya fedha. Akapima rupia zote, akagawa kwa nne, akanilipa. Shilingi za simba akanirudishia kama vile ananipa zawadi: "Weka hizi, zitapanda bei."

Na mimi na ujinga wangu nikasema asante mzee!

Sasa sikilizeni. Robo fedha ni shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946. Kuanzia 1948 hata hiyo robo haimo, ni shaba na nikeli tupu. Alizonirudishia? Zote za 1949 na 1952! Mwaka umechongwa pale pale, mtu wa kazi hawezi kusema hakuuona. Rupia ya Mjerumani ni gramu 11.66, na fedha ni asilimia 91.7. Piga hesabu: rupia 23 ni karibu gramu 246 za fedha. Nimelipwa gramu 67.

Dada alibaki na moja ya kumbukumbu. Nikaazima mizani ndogo: gramu 11.6. Nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaizamisha rupia kwa uzi bila kugusa chini wala ukingo: mizani ikasoma gramu 1.13, ndio uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawanya 11.6 kwa 1.13, inakuja 10.27, yaani ni nzito mara 10.27 kuliko maji ya ujazo huo huo. Fedha tupu ni 10.49, ya robo ingecheza kwenye 9.3. Kikombe cha chai na uzi wa kushonea, basi! Na ile sumaku ni mazingaombwe, maana hata hiyo shaba na nikeli haiivuti.

Jana nikarudi. Eti ameshaziyeyusha. Rupia zimepita miaka mia, kayeyusha! Nadai risiti, ananijibu, "Kijana, si ulikubali mwenyewe?" Nikammwagia shilingi zake za simba mezani, nikatoka.

Kuna aliyewahi kumbana sonara akalipwa? Nianzie polisi au kwa watu wa vipimo?