Jiko la kuni linarudisha moshi chumbani: je, nipanue bomba?

Muulizaji
Wapendwa, naomba ushauri wenu. Jiko langu la chuma lina bomba la moshi lenye kipenyo cha sentimita 15, ambalo limepita ukutani kwa kona mbili za nyuzi 90, kisha likapanda nje hadi usawa wa ukingo wa paa. Kila niwashapo, moshi hutokea mlangoni mwa jiko kwa karibu robo saa, na hata ukipungua, feni ya jikoni ikiwashwa tu unarudi. Kuni zimekauka vizuri. Je, nikiweka bomba pana zaidi litavuta?

Fundi bati
Usilipanue, ndugu yangu. Kinachovuta ni tofauti ya uzito kati ya hewa ya moto iliyo bombani na hewa baridi ya nje, hivyo bomba likiwa refu na likabaki na joto, mvuto huongezeka. Katika bomba pana kuliko tundu la jiko linapoungana na bomba, moshi hupanda polepole, hupoa, na huacha masizi yenye utomvu ambayo siku moja yanaweza kushika moto. Lako ni fupi mno, na upepo unaoshuka kutoka juu ya paa huusukuma moshi chini. Lirefushe hadi lizidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka lilipo, ulivike bomba la tabaka mbili lenye kihami joto kule nje, na kona hizo uzibadilishe ziwe za nyuzi 45.

Mwashaji wa zamani
Nakubaliana naye, ila feni isisahauliwe. Feni huitoa nje hewa ya ndani, na nyumba iliyozibwa sana huitafuta hewa mbadala popote, hata bombani. Kabla ya kuwasha, zima kijiti cha kiberiti karibu na mlango wa jiko uone moshi wake unaelekea wapi. Moshi huo ukija kwako, usiwashe kuni, kwani kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo motoni, haina harufu.

Muulizaji
Nimejaribu: moshi wa kijiti ulinijia usoni. Nilipozima feni, nikafungua dirisha kidogo na kuchoma gazeti moja lililokunjwa karibu na mdomo wa bomba, uligeuka na kuingia ndani ya jiko. Kuni zilishika bila kunitoa machozi. Kurefusha bomba nitamwachia fundi. Ngazi yangu haifiki huko.