Naomba ushauri: flashi za harusi na picha za nyumbani, Lamu

Assalaam aleikum wapiga picha wenzangu. Mimi hupiga harusi za kina mama hapa Lamu mjini, na sasa nataka kuanza picha za studio nyumbani. Nachagua kati ya flashi mbili za Godox AD200 na moja ya Godox AD400 Pro. Jumla ya nguvu ni ileile, wati-sekunde 400, na zote zina betri. Betri kwangu ni lazima: siku ya kupamba ukumbi hujaa, watoto wanakimbia, nyaya sakafuni ni hatari. Moyo wangu uko kwa mbili, moja usoni mwa bibi harusi, nyingine nyuma nywele zisimezwe na giza. Kinachonisumbua ni dhahabu anazovaa bibi harusi, hung'aa kupita kiasi. Mwavuli mweupe mkubwa wa kulainisha mwanga wa flashi watosha, au ninunue sofutiboksi (kisanduku cha kitambaa kinachofungwa mbele ya flashi) ya sentimita 120? Mliozitumia, nielezeni tafadhali.