Nani kawaambia mhusika wangu anatembea na jina lake kichwani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Wiki tatu zilizopita seva yetu ya mchezo wa kuigiza mtandaoni, ambako mpaka hapo majina ya wahusika yalikuwa yamefichwa, ilisasishwa. Kwenye orodha ya mabadiliko, katikati ya mstari wa milango iliyokuwa haifungi na mstari wa bei ya ngozi, kulikuwa na sentensi moja: kuanzia sasa majina ya wahusika yataonekana juu ya vichwa vyao kwa wachezaji wote, "ili wageni wasipotee". Basi. Hatukupigishwa kura, hatukuulizwa, hatukupewa hata siku mbili za kujiandaa. Miezi 14 ya mhusika wangu imefutwa na sentensi ambayo wengi hawakuisoma mpaka walipoingia mchezoni.

Kwa ambao hatujawahi kukutana: mhusika wangu anaghushi mihuri. Jina lake ni Marjani, na alitoroka mji wa kaskazini baada ya kuandika hati ya urithi ya uongo. Alipofika bandarini hakumtajia mtu jina. Kila aliyemtazama alisoma maneno niliyoyaandika mimi siku ya kwanza: mwanamke mwembamba mwenye vidole vya wino. Hayo tu. Mchezaji mmoja aliyekuja kusomewa barua hakuwa na jina la kumwita, akamwita Mama Wino. Sikuwa nimelipanga jina hilo, halikuwa popote kwenye maelezo yangu. Kesho yake wavuvi walilidaka, na mwezi wa tatu ulipofika mji mzima ulikuwa na Mama Wino. Waliojua kwamba huyo ndiye Marjani walikuwa wanne. Nawakumbuka mmoja mmoja, na nakumbuka kila mmoja aliambiwa wapi na kwa nini.

Usiku wa sasisho niko kibandani kwangu, anaingia askari. Mhusika ameundwa siku hiyohiyo. Hajazungumza na mtu yeyote bandarini, hajauliza swali hata moja. Anasimama mlangoni na kuandika: "Marjani, uko chini ya ulinzi."

Tangazo la kumsaka Marjani lilikuwa ukutani pale sokoni muda wote. Miezi yote hiyo watu wamepita mbele yake, wamelijadili, mmoja alishawahi kuniomba mimi mwenyewe nimsomee, na nikamsomea kila neno huku nikitetemeka. Hakuna aliyeunganisha. Sasa jina lilelile linaelea juu ya kilemba changu kwa herufi nyeupe. Nikamwandikia yule askari nje ya uhusika, yaani mchezaji kwa mchezaji: ndugu yangu, mhusika wako amenijuaje? Akajibu: "Si limeandikwa hapo juu?"

Simlaumu. Kwake lile ni dirisha la mchezo linamwambia yule ni nani, kama linavyomwambia ule ni mlango na lile ni pipa. Ninaowalaumu ni waliolichora.

Tena nisikilizeni vizuri, maana tayari naona wanaosema nalia kwa sababu nimekamatwa. Kukamatwa ni sehemu ya mchezo na nilikuwa nakungoja. Nilikuwa na barua tatu zilizofichwa kwa ajili ya siku hiyo. Ningekamatwa na mpelelezi aliyelinganisha mwandiko, au na mmoja wa wale wanne aliyenisaliti kwa pesa, ningempongeza na kumsimulia kila ninayemjua. Kuna mtoza ushuru ambaye nilimwambia naitwa Tabu. Aliingiza amri ya kukumbuka, ambayo mtazamaji huandika jina aliloambiwa, akaandika hivyohivyo, Tabu, na kwa miezi minane ndivyo nilivyoonekana kwake: kila nilipopita, yeye peke yake ndiye aliyeona Tabu. Tulikuwa tunaujenga uongo ule wote wawili, mimi nikiujua, yeye akianza kuutilia shaka kidogokidogo. Alishaanza kuwauliza wavuvi mbona wao wananiita vingine. Baada ya sasisho aliingia akasoma Marjani. Uongo wa miezi minane haukufichuliwa na mtu, umefichuka wenyewe usiku wa sasisho. Yule bwana aliniandikia kwamba hajui afanye nini na daftari lake la maswali.

Sasa niseme la pili, ambalo naona linauma zaidi hata kuliko siri. Kujitambulisha kulikuwa tukio. Kulikuwa na mhusika tuliyemjua kwa wiki tano kama mzee wa jicho moja. Alikuwa anavusha watu mtoni, hasemi zaidi ya nauli. Usiku wa mafuriko tulikuwa tunahamisha magunia ya barua, maji yako kiunoni, yeye kashika kamba upande wa pili. Tulipomaliza akaketi kwenye ngazi za ghala, akakaa kimya kama dakika nzima ya saa ya ukutani, kisha akaandika: "Naitwa Hamduni." Nikaingiza amri ya kumkumbuka, na pale palipokuwa na mzee wa jicho moja pakawa na Hamduni. Niliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Alinipa kitu, na nilikipokea.

Nendeni leo mkamtafute Hamduni. Ni maandishi juu ya kofia. Mtu anashuka kwenye jahazi, hajui hata mto uko wapi, tayari anamwita kwa jina. Wiki tano zile zina maana gani tena?

Na hili la wageni kupotea. Nimewahi kuwa mgeni pale. Sikupotea. Nilipokuwa sijui majina nililazimika kuuliza, na kuuliza ndiko kulikonipa marafiki wa kwanza. "Nitamjuaje fundi wa matanga?" "Ana ndevu nyekundu, na anachechemea." Nikaenda kumtafuta mtu mwenye ndevu nyekundu anayechechemea. Mgeni wa sasa anasoma vichwa mpaka afike kwa anayemtaka, halafu tunashangaa mbona wageni hawaongei na watu.

Wasimamizi wamesema pia kwamba mfumo wa zamani ulikuwa mgumu na una kasoro. Kasoro ulikuwa nazo, nakubali, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakiziripoti. Jina lilifichwa kichwani, likavuja kwingine kote. Ukimbofya mtu, dirisha la kumlenga linaandika jina lake. Kiatu kikishonwa kinabaki na maneno "kimetengenezwa na fulani". Mtu akifa, maiti inaitwa kwa jina, hata kama aliingia mjini kajifunika uso na akauawa gizani. Orodha ya walio mtandaoni inawaanika wote, kwa hiyo ukiona jina moja limeingia na mtu mmoja kaibuka nyumba ya wageni, umeshajua. Hayo yalihitaji kuzibwa, na tuliyaorodhesha moja baada ya jingine. Nyumba inavuja paa pembe nne, fundi kaja kaezua paa lote.

Wala haya si mambo mapya ambayo hakuna aliyewahi kuyaweza. Michezo ya maandishi ya kuigiza kwa wengi, ile iliyotokana na MUD ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, ina ukoo mzima unaoishi hivi. Kwenye mmoja wao, Armageddon, huoni jina la mtu hata siku moja, unaona maelezo mafupi ya sura, na akivaa kofia ya joho maelezo yanabadilika kuwa ya mtu aliyejifunika. Mchezo wa Space Station 13 unachukua jina kutoka usoni na kwenye kitambulisho ulichovaa. Funika uso bila kitambulisho, wewe ni mtu asiyejulikana. Funika uso na uvae kitambulisho cha mwenzako, wanaokutazama wanaona jina la mwenzako, na hapo ndipo michezo mizuri kabisa ya pale inapoanzia. Wanaotumia Helix, mfumo wa kuendeshea seva za kuigiza kwenye mchezo wa Garry's Mod, wanachagua wajulikane na walio karibu kiasi cha kusikia mnong'ono, walio kwenye umbali wa mazungumzo ya kawaida, au wote wanaoweza kusikia ukipiga kelele. Mchezo wa Neverwinter Nights ni wa mwaka 2002, na mpaka leo wenye seva zake wanaongeza NWNX, nyongeza ya seva ambayo ina programu ya kumpa mhusika jina moja kwa mtazamaji huyu na jingine kwa yule. Watu wa kujitolea, kwenye mchezo wa umri huo. Sisi tunaambiwa haiwezekani.

Nikaambiwa pia ni mzigo kwa seva. Tupige hesabu basi. Tuna nafasi 200. Kila mmoja akimkumbuka kila mwingine, ni 200 mara 199, yaani kumbukumbu 39,800. Kila kumbukumbu ikiwa na herufi 30, hatujafika hata megabaiti mbili. Picha moja ya bango la tangazo letu ina uzito zaidi ya hapo. Msitutajie mzigo.

Kuna sababu moja tu waliyoitoa ambayo naiheshimu, nayo ni usalama. Mtu akikutukana au akikufuatafuata nje ya uhusika, utamripotije kama hujui jina lake? Hilo ni jambo zito na nimeshaona wenzetu, hasa dada zetu, wakisumbuliwa. Lakini jibu lake si jina la mhusika. Mpeni kila aliyeingia namba, ibadilike kila anapoingia, ionekane unapofungua dirisha la kuripoti na si mahali pengine. Rekodi za seva zinajua namba ile ni akaunti ipi. Seva nyingi za kuigiza za FiveM, mfumo wa kuendeshea seva za mchezo wa GTA V, zinaonyesha namba badala ya jina na wasimamizi wao wanafanya kazi yao vizuri. Tena jina la mhusika halimsaidii anayesumbuliwa, kwa sababu msumbufu anafuta mhusika na kurudi na mwingine baada ya dakika kumi. Akaunti ndiyo ile ile.

Kwa hiyo ninachodai, na naomba wenye seva wakisome kama kilivyo:

Rudisheni amri ya kukumbuka, ile ambayo mtazamaji ndiye anayeandika jina aliloambiwa. Sitaki ule mfumo wa majina kujifichua yenyewe baada ya watu kukaa karibu kwa dakika kadhaa, ambao mmoja wa wasimamizi aliupendekeza juzi. Ule unalazimisha ukweli. Unaketi karibu na mtu kwenye karamu, hamjasemezana, na mashine inamnong'oneza jina lako. Jina litoke mdomoni mwa mhusika, liwe la kweli au la uongo, na anayelisikia aliamini au asiliamini. Zibeni zile nafasi zinazovuja: dirisha la kulenga, chapa za bidhaa, maiti, orodha ya walio mtandaoni. Na uso ukifunikwa, kumbukumbu isifanye kazi mpaka ufunuliwe, maana ilikuwa upuuzi mtu kuvaa barakoa na bado rafiki zake wote wakamwona kwa jina.

Juu ya hayo yote, tuambieni kumbukumbu zetu za zamani ziko wapi. Mmezifuta au mmezificha tu? Niliandika majina 61 kwa mkono wangu. Mengine si ya kweli, najua, na ndiyo maana nayataka. Pale palikuwa na kila kitu ambacho Marjani alidhani anakijua kuhusu mji ule.

NYONGEZA: Nimejibiwa hapo chini kwamba nikakizime kitufe cha majina kwenye mipangilio yangu na nitulie. Wakuu, someni mnachokijibu. Nikizima majina kwangu, mimi ndiye nisiyeona ya wengine. Askari bado anaona langu. Ni sawa na kumwambia mtu aliyevuliwa nguo afumbe macho.

Na kwa aliyeuliza kama nimeacha kucheza: sijamfuta. Yuko mahabusu, kesi yake ni Jumamosi. Yule mtoza ushuru ameomba awe shahidi, na kaniuliza kwa ujumbe amwite nani mbele ya hakimu. Nimemwambia amwite Tabu. Ndilo jina alilopewa.