Safari ya meli Antaktika: kwa anayetaka kuona wanyama, meli kubwa au ndogo?

MtuWaPangani:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Hamburg, na baada ya kuweka akiba kwa miaka 6 nimeamua kumpeleka mama yangu mzazi kuona pengwini na nyangumi katika Rasi ya Antaktika. Mama ana umri wa miaka 67. Alifundisha jiografia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka aliwachorea wanafunzi wake ubaoni bara ambalo yeye mwenyewe alilijua kwa ramani tu, hivyo naomba mnielewe nikisema kwamba safari hii sitaki niikosee.

Nina meli tatu mbele yangu, zote za mwezi wa Februari. Ya kwanza ni kubwa mno, inabeba abiria zaidi ya 2,000, bei yake ni ya chini kuliko zote, lakini inapita tu katikati ya visiwa bila kumshusha mtu. Ya pili inabeba abiria wapatao 450 na inashusha watu. Ya tatu inabeba abiria wasiozidi 110, nayo inashusha watu pia, ila bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya pili. Mama anatembea vizuri ingawa goti la kulia humsumbua akishuka ngazi, na aliwahi kulewa bahari vibaya sana kwenye boti ya kwenda Unguja. Je, tofauti hiyo kubwa ya bei inanunua kitu gani hasa, au ninalipia jina la udogo tu?

BahariaWaKilindini:

Ndugu yangu, nimefanya kazi ya sitaha na ya kuendesha boti za mpira katika maji hayo kwa misimu 7, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono.

Tofauti ya bei inanunua muda wa kukaa nchi kavu. Kwa mujibu wa kanuni ambazo nchi za Mkataba wa Antaktika zilizipitisha mwaka 2009, na ambazo IAATO, yaani umoja wa waendeshaji wa utalii wa huko ulioundwa mwaka 1991, unazisimamia kwa wanachama wake, meli yenye abiria zaidi ya 500 haimshushi hata mmoja, katika eneo moja panakuwa na meli moja tu kwa wakati mmoja, na watu walioko nchi kavu hawazidi 100 kwa mpigo, huku kila watu 20 wakiwa na mwongozaji angalau mmoja. Sasa piga hesabu mwenyewe. Meli yako ya pili ikitia nanga mbele ya kisiwa cha Cuverville, abiria 450 watagawanywa makundi matano, na kundi la mwisho litakaa na majaketi yake likisubiri la kwanza lirudi. Hali ya hewa ikigeuka katikati, na huko hugeuka ghafla, wanaokosa ni wale waliokuwa bado hawajashuka. Katika meli ya tatu, karibu abiria wote hushuka pamoja, au nusu huwa nchi kavu na nusu kwenye boti zikizunguka taratibu kati ya vilima vya barafu, kisha hubadilishana. Yapo pia maeneo ambayo miongozo yake inaziruhusu meli za abiria 200 au pungufu tu, kwa hiyo nahodha wa meli ndogo ana mahali pengi pa kuchagua upepo ukimzuia.

Muda ninaousema si wa kupiga picha pekee. Kanuni inakutaka ukae mita 5 kutoka kwa pengwini, lakini pengwini hawajaisoma. Wamejichimbia njia zao kwenye theluji, kutoka kwenye viota hadi baharini, na ukisimama kando ya njia hizo ukatulia, baada ya dakika 20 au 30 wanaanza kukuona kama jiwe: wanapita, wanasimama, wanakutazama, wanaibiana kokoto za viota mbele yako. Aliyepewa dakika 45 kwa jumla, na 15 kati ya hizo akazitumia kupanda na kushuka, hawezi kuyaona hayo. Nimewarudisha melini watu wengi waliokuwa wakigeuka nyuma kutazama ufuo hadi tulipofika ngazini, na wengi wao walitoka katika meli kubwa.

Ile ya kwanza iondoe kabisa katika hesabu yako. Kutoka sitaha ya juu ya meli ya abiria 2,000, pengwini ni nukta nyeusi kwenye theluji, na mama mwalimu hawezi kusema kwamba amelikanyaga bara.

BiAsumini_Toronto:

Mwanangu Pangani, namheshimu kaka Baharia na hesabu zake sizipingi, lakini naomba niitetee kidogo ile meli ya pili, kwa sababu mimi na marehemu mume wangu tulisafiri na meli ya ukubwa huo mwezi wa Januari, naye alikuwa mgonjwa wa moyo.

Kutoka Ushuaia, mji wa bandari kusini kabisa mwa Argentina, ukishatoka katika mfereji wa Beagle, unaingia Mlango wa Bahari wa Drake, ambao una upana wa kilomita zipatazo 800 na huchukua karibu siku mbili kuvukwa. Hakuna nchi kavu pande zote mbili ya kuuvunja upepo. Meli yetu ilikwenda mrama usiku kucha, lakini ilikuwa nzito, ilikuwa na mapezi ya kuutuliza, lifti iliyofanya kazi, daktari na chumba cha matibabu kilichonipa amani. Mume wangu aliweza kukaa kitako kwenye kiti mbele ya dirisha kubwa na kuwatazama albatrosi wakifuata tezi ya meli kwa saa nyingi bila kupiga bawa, na hadi mwisho wa maisha yake alilitaja jambo hilo kuliko mengine yote.

Nakiri kwamba tulisubiri sana. Tulishuka mara 5, na hakuna hata mara moja tuliyofikisha saa nzima. Siku moja kundi letu lilikuwa la mwisho, upepo ukapanda, na hatukushuka kabisa. Nililia chumbani.

Kuhusu goti la mama, ngazi za ndani zisikutishe sana. Penye kazi ni pale anapotoka kwenye ngazi ya meli kuingia katika boti ya mpira inayopanda na kushuka na wimbi, na pale anapokaa ukingoni mwa boti ili ageuze miguu na kushuka kwenye maji ya ufuoni yanayofika chini ya goti. Mabaharia humshika mtu kwa mshiko wa mkono kwa mkono, kiganja kikikamata kigasha cha mwenzake, nao hawana haraka. Mwache ajizoeze kukaa kwenye kiti kirefu na kugeuza miguu yote miwili pamoja. Dawa ya kuzuia kulewa bahari aanze kuinywa kabla meli haijaingia Drake, baada ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu ukishaanza kutapika dawa haikai tumboni. Na chumba chagueni cha chini, katikati ya meli, hata kama dirisha lake ni dogo.

MtuWaPangani:

Shikamoo Bi Asumini, na pole sana kwa msiba. Nashukuru kwa maneno yako, na kaka Baharia nakushukuru pia. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, kuvuka Drake kwa ndege kutamwondolea mama taabu? Na je, meli ndogo ni salama sawa na kubwa penye barafu?

BahariaWaKilindini:

Ndege zipo. Zinaondoka Punta Arenas, Chile, na kwa muda wa saa mbili hivi zinatua katika kisiwa cha King George, ambako unapanda meli. Taabu ya mawimbi inaondoka, lakini ukungu ukifunga uwanja unaweza kusubiri siku nzima au zaidi, na siku hizo zinatoka katika safari yako. Bei nayo hupanda. Tena mtu aliyefundisha jiografia, nadhani angependa kuona jinsi bahari inavyobadilika siku ya pili, maji yanapopoa ghafla, ukungu ukashuka na barafu ya kwanza ikaonekana.

Kuhusu usalama nitakueleza kisa ambacho kila baharia wa huko anakijua. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ndogo iitwayo Explorer iligonga barafu karibu na kisiwa hichohicho cha King George, maji yakaingia, na watu wote 154 wakashuka kwenye mashua za kuokolea maisha. Walikaa humo kwa saa kadhaa katika baridi hadi meli ya Nordnorge ilipofika na kuwachukua wote wakiwa hai. Meli ikazama. Kilichowaokoa ni bahari kuwa shwari siku ile na meli nyingine kuwa karibu, na meli kubwa nayo ingehitaji hayo hayo, ila kwa watu wengi zaidi, na ndiyo maana wengine tunaiogopa zaidi ajali ya meli kubwa. Tangu Januari 2017 ipo sheria ya kimataifa ya meli za ncha za dunia inayodai muundo, vifaa na mafunzo maalumu. Kwa hiyo, badala ya ukubwa, uliza daraja la uimara wa meli kwenye barafu na miaka ambayo nahodha amefanya kazi huko.

Waandikie wauzaji maswali haya kabla hujalipa: safari hiyo mahususi imeuza nafasi ngapi, waongozaji ni wangapi, boti za mpira ngapi, na je, kuna lifti.

MwongozajiNarok:

Mimi sijafika Antaktika, lakini kazi yangu ni kuwaongoza wageni Maasai Mara, na mara nne nimewapokea wageni waliotoka huko moja kwa moja. Wote walizungumzia mwezi wa kusafiri zaidi ya meli, kwa hiyo naongeza neno moja. Novemba theluji ni safi na pengwini wanatongozana na kujenga viota. Mwisho wa Desemba na Januari makinda yanatotolewa. Februari makinda yamekua, yanawakimbiza wazazi yakidai chakula, na nyangumi wa nundu wanakuwa wengi kwenye ghuba kwa ajili ya kula uduvi. Kwa nyangumi, boti ya mpira iliyozimwa injini ni kama gari lililozimwa karibu na simba: mnyama ndiye anayeamua umbali. Mwelezeni mama pia kwamba, kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege iliyothibitishwa kwenye rasi hiyo mwanzoni mwa 2024, wageni wamekuwa wakikatazwa kuketi au kupiga magoti chini, na buti huoshwa kwa dawa kila unapotoka na kurudi. Kwa mwenye maumivu ya goti, kusimama saa moja na nusu bila kuketi ni jambo la kujiandaa nalo.

MtuWaPangani:

Nimewaandikia wauzaji wote wawili. Wa meli ya pili walinijibu kwa kunitumia tena kijitabu cha picha. Wa meli ya tatu walijibu swali kwa swali: abiria 104, waongozaji 11, boti 12, lifti hakuna, ila vyumba viwili vya ghorofa ya tatu viko hatua chache kutoka mahali pa kupandia boti, na wasiotaka kushuka wanaruhusiwa kubaki kwenye boti kwa muda wote.

Nilimsomea mama majibu yenu yote kwa simu. Aliniuliza mara mbili lile suala la dakika 45, kisha akasema atapanda meli ndogo na kutapika kwake atakuvumilia. Nimelipia chumba kimoja kati ya vile viwili, kilicho katikati ya meli. Bi Asumini, mama anakusalimu, na ameanza kufanya zoezi la kugeuza miguu kwenye benchi la barazani kila jioni. Kilichobaki ni viza ya Argentina, na kwa kuwa tutatoka nchini humo kwa meli na kurudi hapohapo Ushuaia, nitaomba ya kuingia zaidi ya mara moja.