Naomba ushauri: taifa la Moabu, jirani wa Israeli, lilihukumiwa na Mungu kwa sheria ipi?

Shalom wapendwa. Nimepewa kuongoza somo la kitabu cha Amosi kwenye jumuiya yetu, nami nimekwama sura ya 1 na 2.

Dameski, Gaza, Tiro, Edomu na Amoni wanahukumiwa kwa ukatili wa vita na biashara ya mateka. Yuda anaambiwa wazi ameikataa sheria ya Bwana, Israeli wamemuuza maskini kwa jozi ya viatu. Hayo naelewa. Kinachonisumbua ni Moabu, 2:1: kosa lake ni kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hadi ikawa chokaa. Hapo Israeli hakuguswa kabisa, tena Moabu hakupewa Torati!

Mzee mmoja wa kanisa alinielekeza Mwanzo 9, agano la Nuhu. Nimeisoma, ila naona inazungumzia kumwaga damu, si kudhalilisha maiti.

Je, Amosi anachukulia kwamba ipo haki ambayo mataifa yote yanaijua hata bila Torati? Na kama ndivyo, 3:2, ambapo Israeli wanaadhibiwa kwa sababu wao tu ndio Mungu aliowajua, niifundishe vipi pamoja na hukumu hizi? Kipindi ni Alhamisi jioni, tafadhali msinichelewe.